Mapokezi ya Kwaya ya Matete

Kamati ya mapokezi iliundwa kabla haijajulikana anayepokelewa ni nani. Ndivyo mambo yalivyo Ngulia, huko kwenye vilima vya Tsavo Magharibi, ambako ndege wana vikao vingi kuliko mbegu. Asubuhi moja ya Novemba Mbayuwayu alitua juu ya waya, akasema kwamba kwaya ya vijana imefanya vizuri sana Ulaya na sasa iko njiani inarudi, akaondoka. Hakuulizwa kwaya gani. Hakuulizwa imefanya vizuri nini. Kabla hajapotea machoni Hondohondo alikuwa mwenyekiti, na Kunguru alikuwa mweka hazina, ijapokuwa hazina yenyewe haikuwapo.

"Ndugu wananchi," alisema Hondohondo, "vijana wetu wametuletea sifa."

"Vijana gani, Mwenyekiti?" Sauti ilitoka kichakani kwa Mzee Dudumizi. Kazi ya Dudumizi ni kutabiri mvua, na kwa kuwa mwaka huo alikuwa amepatia, aliruhusiwa kuuliza.

"Vijana wetu," alisema Hondohondo, kwa sauti ya aliyekwisha kujibu.

Kanga akapewa chakula. Mnana, ambaye hajawahi kuona jani asilifume, akapewa mabango. Mramba akapewa utangazaji kwa sababu anajua kupaza sauti, na hakuna aliyetaka kukumbusha kikao jinsi anavyoitumia. Mwakilishi wa akina mama alikuwa Mama Hondohondo, ambaye hakuhudhuria. Msimu wa mvua hondohondo jike huingia ndani ya tundu la mti, mlango ukakandikwa ukabaki ufa mwembamba tu, naye hukaa humo wiki nyingi akiatamia. Mumewe humletea chakula na kumpitishia ufani, na kwa hilo Hondohondo hana lawama. Lakini katika kumbukumbu za kikao mama aliandikwa "ametoa udhuru".

Hapa inafaa nimweleze msomaji kuhusu kwaya yenyewe, maana kamati haikujieleza.

Kwaya ya Matete ni ya ndege wadogo wa kahawia, uzito wao gramu 12 hivi, wasio na kishungi wala mkia wa kujivunia. Ukimwona mmoja kichakani utadhani jani limekauka. Huzaliwa Ulaya, kwenye magugu marefu kando ya mito, na kila mwaka huja huku kwetu kukimbia baridi, kisha hurudi kule kuzaa. Kipaji chao ni kimoja: kuiga. Dume akifika Ulaya mwezi Mei au Juni husimama kwenye bua akaimba mchana, akaimba na usiku, na ndani ya wimbo wake ndege wa kila namna wanapishana, huyu hajamaliza yule ameshaanza. Kwa muda mrefu wasikilizaji wa kule walitambua nusu tu ya alichokuwa akisema. Sauti zilizobaki walizichukulia kuwa ubunifu.

Mtafiti Mbelgiji, Françoise Dowsett-Lemaire, aliyekuwa anawajua ndege wa Afrika kwa masikio, ndiye aliyekaa na kanda zake akachambua sauti moja baada ya nyingine. Mwaka 1979 akachapisha hesabu. Kila dume huiga kwa wastani ndege wa aina 76 hivi, na kati ya aina hizo 45 ni za Afrika. Kwa madume wote aliowachunguza Ubelgiji alihesabu aina 212, na zaidi ya nusu yake ni za huku. Ule uliodhaniwa ubunifu ulikuwa ni majirani zetu. Ukiwa na sikio zuri unaweza kuifuata safari ya ndege yule kwa kumsikiliza tu: hapa alipita Ethiopia, hapa alilala Kenya, huyu alimsikia Zambia. Ni pasipoti ambayo haihitaji kugongwa mhuri.

Habari hizo zilichukua muda kufika Ngulia, na zilipofika zilikuwa zimekatwa pande zote mbili zikabaki namba mbili na maneno manne: "Ulaya wanapenda nyimbo zetu." Hondohondo akazipigia hesabu. Arobaini na tano katika sabini na sita ni zaidi ya nusu. Mwenye zaidi ya nusu ndiye mwenyewe. Kwa hiyo kwaya ni ya Ngulia.

Katika zile arobaini na tano umo wimbo wa Shore.

Shore huamka kabla ya wote. Anakaa juu ya mti ule ule, anaimba maneno yale yale, na kabla jua halijachomoza ameshayarudia mpaka majirani wanatamani wangezaliwa viziwi. Wamemshtaki kwa kelele. Ombi lake la kuimba kwenye sherehe ya mvua za masika lilikataliwa kwa maelezo kwamba kamati inatafuta "kitu chenye upya". Sasa akasikia kwamba wimbo wake umeimbwa Ubelgiji, na kwamba watu walisimama usiku kwenye matope kuusikiliza. Akaenda kwa Kunguru.

"Ndugu Mweka Hazina, nahisi kuna kitu ninadai."

"Unadai heshima," alisema Kunguru. "Nayo umepewa. Wimbo wako umefika mbali."

"Umefika bila mimi."

"Shukuru. Wewe usingefika."

Hilo lilikuwa kweli, na ndiyo sababu lilimuuma. Shore ni wa hapa hapa. Hajavuka hata mto Tsavo akakaa ng'ambo siku mbili.

Wakati Mnana anafuma bango na Kanga anapanga orodha ya vyakula ambavyo vingetegemea mvua inyeshe, kwaya yenyewe ilikuwa wapi? Ilikuwa njiani tangu Agosti, na haikuwa na habari kwamba inasubiriwa.

Walezi ndio waliotangulia kuondoka. Nalisema mapema kwa kuwa katika hotuba zote zilizokuja baadaye halikutajwa. Mwisho wa Julai wazee wa kwaya walikuwa wakijiondokea mmoja mmoja usiku, bila kikao cha kuagana, wakaacha vijana waliototolewa mwezi ule ule wakimalizia kuota manyoya. Hakuna aliyewaonyesha njia. Kila kijana alijijazia mafuta chini ya ngozi kwa kula wadudu mpaka kidari kikavimba, na usiku mmoja wenye nyota akajikuta ameelekea kusini mashariki bila kujua nani amemwambia.

Mmoja wao tumwite Kitete. Alizaliwa kwenye kiota kilichofungwa juu ya magugu yanayowasha, jambo ambalo lilimkinga na paka lakini halikumfundisha kuimba. Baba yake alikuwa mwimbaji hodari, ndivyo alivyosimuliwa. Madume wa Matete wakipata mchumba hunyamaza. Ile ziara ya kuimba ambayo Ngulia iliisifu kwa miezi ilikuwa, kwa wengi wao, siku chache kabla ya ndoa, na baada ya hapo ni kubeba viwavi mdomoni kutoka alfajiri mpaka jioni. Kitete alipotoka yai baba alikuwa ameshanyamaza. Nyimbo za kwanza alizojifunza zilikuwa za majirani: shomoro wa kule, mbayuwayu wa ghalani, ndege mweusi wa bustanini. Wimbo wa nyumbani, huo unaosemwa, hakuwa amewahi kuusikia.

Njia yao ilipita Balkani, ikaingia Uturuki. Wachache walikata baharini wakatua Kupro, na huko kwaya ilipoteza sehemu kubwa ya sauti ya tatu. Kisiwani humo kuna watu wanaopaka ulimbo kwenye vijiti na kuvichomeka vichakani, na ndege wanaonaswa huuzwa mezani kama kitoweo cha siri. Serikali ya kule ilipiga marufuku mwaka 1974. Ulimbo bado unapakwa. Wanaokusudiwa hasa ni ndege wengine, wanono zaidi, lakini ulimbo hauulizi jina.

Kutoka Shamu wakashika Uarabuni. Jangwa linavukwa usiku, kwa mafuta yaliyowekwa Agosti, na mchana mtu anatafuta kivuli cha jiwe akatulia humo mdomo wazi. Waliokuwa wamejaza mafuta pungufu waligundua upungufu huo mahali ambapo haurekebishiki. Halafu Bahari ya Shamu, halafu Sudani na Ethiopia, ambako mvua zilikuwa zimekwisha kupita na majani yamejaa wadudu. Hapo walikaa wiki nyingi. Hapo pia waliwakuta walezi, wamenona, wakishangaa kwamba vijana wamechelewa.

Kitete alimkuta huko mwimbaji mmoja aliyekwisha kwenda na kurudi mara moja. Wenzake walimwita Mwimbishaji, naye alikubali jina hilo bila kusita.

"Kaka, nyumbani ni wapi?" aliuliza Kitete.

"Mbele."

"Umewahi kufika?"

"Nimewahi."

"Panafananaje?"

Mwimbishaji alifikiri. "Pana mvua," alisema. "Sasa nyamaza umsikilize yule pale juu ya mgunga. Usimwangalie, msikilize. Mwakani utamhitaji."

Ndivyo darasa lilivyokuwa. Hakuna nota, hakuna mazoezi ya jioni. Vijana walikaa vichakani wakisikiliza wenyeji, wakirudia chini kwa chini, sauti ambayo ukiwa hatua tano huisikii. Hili ni jambo ambalo Ngulia isingelielewa hata ingeelezwa. Kijijini walidhani kwaya iliondoka na nyimbo ikaenda kuziimba, kisha inazirudisha. Kumbe kwaya ilikuwa inajifunza njia nzima, na hakukuwa na mahali ambapo wimbo ulikuwa umekamilika.

Mwezi wa kumi na moja mvua zikaanza kusogea kusini, na Matete wakazifuata.

Juu ya ukingo wa milima pale Ngulia kuna hoteli ya watalii. Usiku huwasha taa kubwa ili wageni waone wanyama wanaokuja kunywa maji. Msimu huo wa Novemba na Desemba ukungu hupanda kutoka bondeni, na ukikutana na usiku usio na mwezi, mwanga wa taa zile huenea ndani ya ukungu ukawa kitu kimoja kikubwa cheupe. Ndege anayesafiri kwa nyota anajikuta hana nyota. Ana mwanga huo tu. Anashuka. Mwaka 1969 watu walianza kuweka nyavu hapo na kuwavisha ndege pete za miguuni zenye namba, na tangu hapo wamevisha mamia ya maelfu, wengi wao wakiwa Matete hawa hawa.

Hondohondo alikuwa na maelezo yake kuhusu taa. "Niliziomba mimi," aliiambia kamati. "Nilisema vijana wakija wapate mwanga." Wajumbe walipiga makofi, hata wale walioziona taa hizo zikiwaka tangu walipokuwa makinda, kabla Hondohondo hajatokwa na domo.

Basi usiku ukaja, ukungu ukapanda, mwezi haukuwapo. Kamati ilikuwa imelala. Ndege wa kamati hawaoni usiku, na katika mipango yao yote ya mapokezi hakuna aliyewaza kwamba wageni wanaweza kufika saa ambazo wenyeji hawapo.

"Vijana, tusishuke," alisema Mwimbishaji huko juu.

Nusu yao walikuwa wameshashuka. Walizunguka ndani ya weupe ule, wakaona kichaka, wakakiingia, na kichaka kikawa ni wavu. Mwimbishaji aliwafuata ili kuwaonya, akanaswa safu ya pili. Watu wakaja na kurunzi vichwani. Waliwatoa ndege nyuzi moja moja, wakawatia kwenye vifuko vya kitambaa, wakavitundika kwenye mstari. Humo ndani ya kifuko Kitete alisikia sauti za kwaya nzima zikilalamika kila moja kwa lugha ya ndege mwingine.

Alitolewa. Akavishwa pete. Akapimwa bawa kwa rula, akatumbukizwa kichwa chini kwenye mizani, kisha mtu yule akampuliza tumboni manyoya yakafunguka, akaangalia kiasi cha mafuta yaliyobaki chini ya ngozi, akaandika. Katika mapokezi yote ya Ngulia, huyo peke yake ndiye aliyetaka kujua kama mgeni ameshiba. Halafu akafungua kiganja.

Kulipokucha ukungu ulikuwa bado umelala bondeni na vijana wamejibanza vichakani wakila chochote. Ndipo kamati ilipowasili, Hondohondo mbele, bango nyuma yake. Mnana alikuwa amefuma KARIBUNI NYUMBANI kwa nyasi mbichi, na kwa kuwa alilifuma kwa mtindo aliouzoea, mwisho wa neno la pili kulikuwa na tundu la kuingilia.

"Hapa ndipo?" Kitete alimnong'oneza Mwimbishaji.

"Sipo. Lakini usiseme bado, chakula hakijaja."

Hondohondo alihutubia. Hotuba yake ilikuwa na sehemu tatu na aliirudia sehemu ya kwanza baada ya ya tatu. Alisema dunia sasa inaitambua Ngulia. Alisema yeye binafsi amekuwa mlezi wa vipaji tangu zamani. Kisha akaona pete.

"Nishani!" alisema. "Wamerudi na nishani kutoka Ulaya!"

"Mzee," alianza Kitete, "hizi tumevishwa jana us..."

Mwimbishaji alimkanyaga.

"Wenye nishani wapite mbele," alisema Hondohondo, na Kunguru akaanza kuziandika namba kwa uangalifu ambao hakuwahi kuuonyesha kwa fedha. Wasio na pete, ambao walikuwa na bahati ya kutua upande mwingine wa kilima, waliambiwa wakae nyuma kwa kuwa hawakufanya vizuri huko ziarani.

"Mwenyekiti," alisema Dudumizi kutoka kichakani, "walioondoka Ulaya walikuwa wangapi?"

"Tuna orodha ya wenye nishani."

"Nimekusikia. Nauliza walioondoka."

"Hilo haliko kwenye ajenda, Mzee. Tuko kwenye furaha."

Mvua ya usiku ilikuwa imefungua ardhi na kumbikumbi wakaanza kutoka, wengi, wakipanda kwa mbawa zao za kazi ya saa moja. Kanga akatangaza kwamba chakula kimeandaliwa. Vijana waliruka kuanza kula. Hapo hapo Mramba, mtangazaji wetu, akapaza sauti: "Kipanga! Kipanga!" Kamati yote ikatawanyika, wageni wakatawanyika nao, Hondohondo akagonga kichwa kwenye bango, na Mramba akashuka taratibu akala sehemu ya mezani ya kila mmoja. Ndivyo anavyoishi. Huiga mlio wa hatari, mwenye chakula akakiacha, yeye akakichukua. Na kijiji kimeshindwa kumfuta kazi kwa kuwa mara nyingine kipanga kweli huwapo.

Mwimbishaji peke yake hakutikisika. Alibaki chini akimtazama Mramba.

"Kipanga wako ana kikohozi," alimwambia. "Wa kweli hamalizii hivyo."

Mramba alitafuna kumbikumbi. "Wewe unaishi kwa nini?"

"Kwa hiyo hiyo."

Wakaelewana, wakagawana bawa.

Baada ya kamati kurudi ikatangazwa burudani. Kitete aliitwa kwanza kwa kuwa namba ya pete yake ilikuwa nzuri kutamka. Alisimama juu ya kijiti, akafunga macho, akaimba alichokuwa nacho: shomoro wa kule, mbayuwayu wa ghalani, yule ndege mweusi wa bustanini anavyoimba jioni paa likiwa limelowa. Aliimba vizuri, kwa kadiri kinda wa miezi minne anavyoweza. Kimya kikatanda, si cha kupendezwa.

"Ndiyo nini hiyo?" aliuliza Kanga.

"Ya kwetu," alisema Kitete. "Kwetu nilikozaliwa."

"Kijana amepotoka," Kunguru alimwambia Hondohondo pembeni, lakini kunguru hana sauti ya pembeni.

Mwimbishaji alimwondoa Kitete akasimama yeye. Alijua anachotakiwa. Alianza chini, akapanda, na katikati ya wimbo wake, wazi kabisa, akamtoa Shore: maneno yale yale, ya alfajiri ile ile, kwa mpangilio ule ule ambao majirani waliushtaki. Kamati ililipuka. Kanga alilia. Hondohondo alisema hajapata kusikia sauti tamu namna hiyo na akaomba irudiwe.

Mwimbishaji akarudia. Na juu ya mti wake, Shore, aliyekuwa amewekwa safu ya nyuma na ambaye hakuweza kujizuia, akaitikia. Wimbo ule ule. Wake mwenyewe, kutoka koo lililoutunga.

"Nyamaza!" alisema Hondohondo. "Unamkatiza mgeni!"

"Lakini huo ni..."

"Tena humfikii. Sikiliza anavyoumalizia."

Mwimbishaji alisimamisha wimbo. Alimtazama Shore kwa muda. Nadhani alitaka kusema kitu. Mwigaji anajua kuliko wote ya nani ni ipi. Lakini kamati ilikuwa inashangilia, na kumbikumbi walikuwa bado wanatoka, na yeye alikuwa amevuka jangwa. Akaendelea.

Mchana wote vijana walikula na kulala. Jioni upepo ulifagia bonde, ukungu ukapasuka, na nyota za kwanza zikaonekana upande wa kusini. Kwaya ikaanza kukosa utulivu. Kitete alihisi ndani ya mbawa ile amri aliyoihisi Agosti kwenye magugu.

Hondohondo alikuja na programu ya siku tatu: ziara ya viota vya viongozi, picha ya pamoja, semina ya vijana kuhusu umuhimu wa kurudi nyumbani.

"Asante sana, Mzee," alisema Mwimbishaji. "Sisi tunaondoka usiku huu."

"Mnaondoka kwenda wapi?"

"Kusini. Malawi, Zambia. Wengine Zimbabwe, wengine wanafika hadi Afrika Kusini. Huko ndiko tunakaa mpaka Machi."

"Mbona mmeshafika? Bango limeandikwa nyumbani!"

"Tumeliona, Mzee. Ni zuri."

"Nyimbo zetu mnaziimba."

"Tunaziimba. Za Ethiopia pia tunaziimba, na wao walitupokea vizuri. Na Ubelgiji kila Mei wanasema tumerudi nyumbani, na wana haki, maana mayai yetu yako kule. Tukifika Zambia nako wataanza."

Hondohondo alinyamaza, na domo la ukubwa ule likinyamaza linaonekana zaidi. "Kwa hiyo nyinyi ni wa nani?"

Mwimbishaji hakujibu kwa sababu alikuwa ameshatazama juu. Kitete ndiye aliyejibu, kwa adabu aliyofundishwa na ndege wa bustanini wa nchi nyingine: "Shikamoo, Mzee. Tumeshiba." Akaruka.

Waliobaki nyuma walisikia juu gizani milio midogo midogo ya kuitana, kisha hawakuisikia. Kesho yake chini ya kuta za hoteli walikuwapo vijana wachache waliogonga kioo usiku wa ukungu. Kunguru, kama mweka hazina, aliwashughulikia, na hakuna taarifa iliyoandikwa.

Kikao cha tathmini kilifanyika wiki hiyo. Kilikuwa kirefu, nitapita haraka. Mapokezi yalitajwa kuwa ya mafanikio makubwa, kwa ushahidi wa namba za pete. Kanga alipendekeza mwakani taa ziongezwe ili vijana wengi zaidi waweze kushuka. Pendekezo likapita kwa kauli moja, isipokuwa Dudumizi, ambaye kauli yake ilihesabiwa kuwa utabiri wa mvua. Mramba alipewa pongezi kwa kudumisha usalama. Kunguru aliarifu kwamba hazina ni tupu ila ipo akiba ya dharura, na wajumbe wakakubaliana kwamba kukosekana kwa posho ni dharura. Kutoka tundu la mti Mama Hondohondo aliuliza kupitia ufani kama yule kinda aliyeimba nyimbo za ajabu alifika salama, kwa kuwa alimpenda. Ikaandikwa kuwa mwakilishi wa akina mama ametoa salamu.

Barua ya Shore ilisomwa mwisho, wajumbe wakiwa wameshakunjua mbawa. Aliomba mambo mawili. Aombwe radhi kwa mashtaka ya kelele, na aimbe mbele ya kijiji angalau mara moja, wimbo wake, akiwa ametajwa jina.

Kamati ilijadili kwa uzito. Ilitambua mchango wa Shore. Ilikubali kwamba ombi ni la haki. Ikaazimia kwamba litatekelezwa mara tu Shore atakaporudi kutoka Ulaya.

"Lakini mimi sijakwenda," alisema Shore.

"Hilo," alisema Hondohondo akifunga kikao, "ndilo tatizo la ombi lako."